Kadi ya Kanga: Kutengeneza Kadi za Salamu kwa Mkono, Doti kwa Doti

Mtanzania akikabidhiwa bahasha yenye kadi, kwanza hujiuliza harusi ni ya nani na mchango ni shilingi ngapi. Kadi inayoelezwa hapa haidai kitu. Ni ya salamu tu: kumpongeza aliyejifungua, kumtakia heri anayehitimu, kumpa pole mfiwa, kumkumbuka mama siku ya Idi au Krismasi. Inatengenezwa mezani kwa manila, kiazi na wembe. 

Kinachowashinda wengi si kutojua kuchora. Ni kukaa mbele ya karatasi nyeupe bila kujua nini kikae wapi. Mmoja anachora ua katikati, anaona limepwaya, anaongeza kipepeo, anaandika maneno juu yake, na mwisho kadi nzima imejaa vitu visivyojuana. Kanga ilishalimaliza tatizo hilo siku nyingi. Ina pindo linalozunguka pande zote nne, ina mji katikati, na ina jina, yaani yale maneno yaliyo chini ya mji. Kila kitu kina mahali pake, na jicho la Mswahili limekwisha kuuzoea mpangilio huo tangu linapobebwa mgongoni.

Hata vipimo vinakubali. Kanga moja ni kama sentimita 150 kwa 110. Karatasi ya A6 ni milimita 148 kwa 105. Maana yake kadi ya A6 iliyolazwa ni kanga iliyopunguzwa mara kumi, kasoro kidogo sana. Na kama kanga inavyouzwa kwa doti, A4 moja ya manila hutoa kadi mbili za kukunja. Kwa hiyo hesabu hapa itakwenda kwa doti: A4 tano ni doti tano, kadi kumi.

Vifaa vya doti tano

Nunua manila A4 tano za gramu 160 hadi 180 kwa mita ya mraba. Chini ya hapo kadi husinzia ikisimamishwa mezani, na juu ya 250 mkunjo wa mkono huanza kupasuka. Stesheneri nyingine huuza manila kwa bango kubwa la A1, ambalo hutoa A4 nane na ni nafuu zaidi, mradi lisiwe limekunjwa au kuviringwa kwa kubanwa. Alama ya kuviringwa haitoki hata ukipiga pasi.

Ongeza karatasi nyeupe sita za kawaida za gramu 80 (tano za ndani ya kadi, moja ya vibandiko vya jina), bahasha kumi za C6 (milimita 114 kwa 162), rula ya chuma, wembe mpya au kisu cha karatasi, penseli, gundi ya stiki, kalamu nyeusi yenye ncha ya milimita 0.5 hadi 1, na kalamu ya biki iliyokwisha wino. Usiitupe hiyo ya mwisho, ndiyo itakayotengeneza mkunjo. Rula ya plastiki haifai kukatia, kwa sababu wembe huila kidogo kidogo, na kuanzia hapo kila mstari unaokata unafuata pengo lake.

Kwa kupiga chapa chukua viazi mviringo viwili vigumu, raba mbili za kufutia penseli, bamia mbili tatu zilizokomaa, kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, na rangi ya maji nzito ya kopo au ya bomba. Rangi mbili zatosha. Ya tatu ni ile ya manila yenyewe.

Kukata

Kabla ya kukata chochote, jua nyuzi za karatasi zinalala upande gani. Ikunje manila taratibu bila kuivunja, mara moja kwa urefu na mara moja kwa upana. Upande unaokubali kwa urahisi, mkunjo wake unafuata nyuzi. Upande unaokataa, mkunjo unazikata nyuzi, na hapo ndipo kadi hupasuka mgongoni na kuonyesha weupe wa ndani. A4 nyingi nyuzi zake hufuata upande mrefu, na kwa kadi yetu hiyo ni bahati: ukiikata A4 nusu upate A5 mbili, kisha ukakunja A5 nusu, mkunjo unaangukia sambamba na nyuzi. Lakini ukikata mwenyewe kutoka bango la A1 huna uhakika, hivyo jaribu kwanza. Kama nyuzi zimelala kinyume, kata A4 zako kwa kulilaza bango upande wa pili, ila hapo hazitafika nane.

A4 ina urefu wa milimita 297, na nusu yake ni 148.5. Weka alama ya penseli kwenye kingo zote mbili, si moja. Anayeweka alama moja na kuamini jicho lake hupata kadi ya mshazari. Laza rula ya chuma kwenye alama hizo; na popote penye kipande cha kutupa, rula ikae juu ya sehemu unayotaka kuibakiza, ili wembe ukiteleza uharibu kile kinachotupwa. Pitisha wembe mara mbili tatu kwa mkono mwepesi. Ukikandamiza ili ukate kwa mara moja, wembe huvuta karatasi na kuacha ukingo wenye manyoya.

Kata A4 zote tano kwanza, kisha ndipo uende hatua inayofuata. Kumaliza kadi moja moja hula muda karibu mara mbili, maana kila mara unabadilisha kifaa na kusubiri rangi ikauke.

Mfuo kwanza, mkunjo baadaye

Laza A5 juu ya gazeti lililokunjwa mara kadhaa, upande utakaokuwa nje ukitazama juu. Pima milimita 105 kutoka ukingo mfupi, weka alama juu na chini, weka rula, na upitishe biki isiyo na wino mara mbili ukikandamiza kiasi. Unatafuta mfuo, si mpasuko. Gazeti la chini ndilo linaloipa ncha nafasi ya kuzama. Juu ya meza ngumu utapata mstari unaong'aa tu, usio na kina.

Wengi hapa hukosea upande. Mfuo ubaki nje ya kadi, na kile kituta kidogo kinachotokea upande wa pili kiwe ndani ya mkunjo. Ukikunja kinyume, karatasi ya nje inavutwa juu ya kituta na nyuzi zake zinakatika. Wapo wanaokwepa kazi hii kwa kukata nusu ya unene kwa wembe. Mkunjo unatoka umenyooka kweli, na kadi inaachana vipande viwili ikifunguliwa kwa mara ya kumi.

Usikunje bado. Chapa hupigwa kadi ikiwa wazi na imelala, kwa sababu kadi iliyokunjwa ina tabaka mbili zenye hewa katikati, na muhuri juu yake hucheza.

Ukiitazama A5 iliyo wazi, upande wa nje ukiwa juu na mfuo ukienda kushoto na kulia, nusu iliyo karibu nawe ndiyo uso wa kadi. Nusu ya mbali ni mgongo. Kadi itafunguka kwa kuinua kutoka chini na itasimama mezani kama paa la nyumba. Chochote unachotaka kuandika mgongoni, zungusha karatasi kwanza, la sivyo kitatoka miguu juu kadi ikishakunjwa.

Pindo

Pindo letu lina upana wa milimita 15 kuzunguka uso wote, likibakiza mji wa milimita 118 kwa 75. Chora mistari hiyo kwa penseli hafifu.

Muhuri wa pindo tengeneza kwa raba. Kiazi kinafaa kwa umbo kubwa la katikati, lakini kwa pindo kinachosha: baada ya kadi nne kingo zake zimelainika, na kesho yake kimenywea na kuwa cheusi. Raba hukaa miezi. Kata mraba wa milimita 11, kisha ndani yake chonga umbo moja rahisi, kama pembetatu mbili zilizogusana ncha, almasi, au mistari mitatu ya mshazari. Umbo lisilo na juu wala chini ndilo bora, maana utaligeuza pembeni bila kufikiri.

Sasa hesabu ambayo ikikosewa pindo huishia na nusu muhuri kwenye kona. Katikati ya kila kona iko milimita 7.5 kutoka kila ukingo. Kwa hiyo kutoka kona hadi kona upande mrefu kuna milimita 133, upande mfupi 90. Gawa upande mrefu mara kumi (13.3 kila nafasi) na mfupi mara saba (12.9). Tofauti ya hizo mbili jicho haliioni. Mihuri ni kumi na mmoja kwa kila upande mrefu, na sita katikati ya kona kwa kila upande mfupi, jumla 34. Usipime kadi zote kumi. Weka alama hizo kwenye ukanda wa karatasi, kisha utumie ukanda huo kama rula kwa kila kadi. Piga kona nne kwanza ndipo ujaze katikati, ili kama mkono umekwenda pembeni kidogo, kosa ligawanyike.

Rangi iwe nzito kama maziwa mgando. Ipakaze kwenye sponji iliyo juu ya sahani, gusisha muhuri kwenye sponji, piga kwanza kwenye karatasi ya kujaribia, ndipo upige kwenye kadi. Shusha wima, hesabu mbili, inua wima. Ukizungusha muhuri wakati wa kuinua, ukingo unapakaza. Chapa yenye kingo nene na katikati nyeupe inaonyesha rangi ni nyingi, au uso wa muhuri una bonde. Chapa yenye madoadoa inaonyesha rangi imeanza kukauka kwenye sponji, hivyo nyunyiza matone mawili ya maji, si zaidi. Rangi ya majimaji hulowesha manila, na manila iliyolowa upande mmoja hujikunja kama jani la mgomba lililokatwa jana.

Mji

Katika mji weka kitu kimoja kikubwa, au kimoja kikubwa na vidogo vinne kwenye kona zake. Hapa ndipo watu huharibu kwa ukarimu. Mji uliojaa hauachi nafasi ya jina, na jina ndilo kadi yenyewe.

Korosho, lile umbo la tone lililopinda mkia ambalo kanga imelivaa miaka yote, hutoka vizuri kwenye kiazi. Kata kiazi nusu kwa kisu kikali na kwa mkato mmoja. Ukikikereza kama mkate, uso unakuwa na mawimbi na katikati haitachapa. Ufute kwa kitambaa kikavu, kisha kiache kiazi dakika kumi kifudifudi juu ya kitambaa hicho, maana maji yake huchanganyika na rangi na kuifanya itambae. Chora korosho yenye urefu wa milimita 35, kata wima kufuata mstari kwa kina cha milimita 5, halafu ingiza kisu kutoka ubavuni hadi mikato ikutane na kuondoa nyama ya pembeni. Upande wa nyuma chonga shikio ili vidole visiteleze.

Muhuri hugeuza umbo kama kioo. Ukitaka korosho mbili zinazotazamana, unahitaji mihuri miwili, mmoja kinyume cha mwenziwe. Kuuzungusha ule ule mmoja hakusaidii, zitafukuzana tu. Kwa sababu hiyo hiyo usichonge herufi kwenye kiazi kama huna haja kubwa.

Bamia ni njia ya mkato. Ikate upande wa kichwa, pale ilipo nene, na utapata nyota au ua lenye vyumba vitano hivi bila kuchonga lolote. Chagua iliyokomaa, ile ambayo ungeiacha sokoni, kwa kuwa changa huponyoka na kubonyea. Iache nayo ikauke utelezi dakika kumi. Kizibo cha soda kinatoa duara lenye meno, nalo ni zuri kwa kona za mji.

Mahali pa umbo kubwa si katikati ya uso. Kumbuka jina litachukua sehemu ya chini ya mji: kibandiko cha urefu wa milimita 12, kilichoinuliwa milimita 5 kutoka kwenye pindo. Kinachobaki juu yake ni milimita 58, na katikati yake iko milimita 44 kutoka kwenye mfuo. Weka nukta ya penseli hapo na ulenge muhuri juu yake. Ukiweka umbo katikati kabisa ya uso, jina litaonekana limesongwa.

Kuhusu rangi, kwa kadi ya harusi fuata kisutu: nyekundu, nyeusi na nyeupe. Manila nyeupe, pindo jeusi, mji mwekundu, na hakuna wa pwani atakayeuliza kadi ni ya nini. Kwa msiba acha umbo la katikati kabisa, piga pindo peke yake kwa rangi moja tulivu. Kwingine kokote chagua unavyopenda, ila rangi mbili zisiwe na uzito uleule, moja iwe ya giza. Njano na chungwa juu ya manila ya krimu huonekana vizuri mchana na kupotea usiku.

Manila hukauka dakika 15 wakati wa kiangazi. Masika, Tanga au Mombasa, hesabu nusu saa na zaidi. Usianike juani, upande uliopakwa utakauka kwanza na kuivuta karatasi. Kivuli chenye upepo, na jiwe dogo kwenye ukingo, vinatosha. Zikishakauka kwa kugusa, penyeza karatasi nyeupe kati ya kadi na kadi, weka vitabu vizito juu, na uziache huku ukiandaa majina.

Jina

Andika jina kwenye kibandiko cha karatasi nyeupe kilicho pembeni, kisha ukibandike. Sababu ni ya kibahili: ukikosea herufi ya mwisho umepoteza ukanda wa sentimita kumi, hukupoteza kadi yenye mihuri 34. Pia kalamu nyeusi huandika safi juu ya karatasi ya gramu 80 kuliko juu ya rangi, ambako wino hujikusanya au kuparuza. Epuka maka peni nene ya wino wa spiriti. Wino huo hutambaa ndani ya karatasi na kuzifanya A na R zionekane zimevimba.

Herufi ziwe kubwa zote, kama za kanga, zenye kimo cha milimita 6. Kila herufi pamoja na nafasi yake ihesabie milimita 5, na nafasi kati ya maneno vilevile. I itakula nusu ya hiyo, M na W zitaidai zaidi, na mwisho hulingana. NANI KAMA MAMA ina alama 14 ukihesabu na nafasi, yaani milimita 70. HERI YA KUZALIWA ni 16, milimita 80. HONGERA KWA KUHITIMU ni 20, tayari milimita 100, na kwa mji wa 118 hapo ndipo mwisho. Neno likizidi, lifupishe, usizibane herufi.

Anza kuandika kutoka katikati. Kwa NANI KAMA MAMA katikati iko kati ya herufi ya pili na ya tatu ya KAMA. Weka alama hapo, andika kwa penseli kuelekea kulia, kisha rudi uelekee kushoto kinyumenyume, ndipo upitishe wino. Wanaoanza kushoto huishia na herufi tatu zilizobanana kama abiria wa daladala.

Uchaguzi wa maneno una miiko yake. Majina ya kanga mengi ni ya kijembe, na HASIDI HANA SABABU ni jina maarufu sana, lakini ukimpelekea jirani kwenye kadi ya kuzaliwa utakuwa umeanzisha jambo. Kaa upande wa dua na pongezi. NANI KAMA MAMA haijawahi kumchosha mama yeyote. WEMA HAUOZI inafaa kumshukuru mwalimu au mkunga. SUBIRA HUVUTA HERI humfaa aliyengoja mtoto au kazi kwa muda mrefu, ila tu kama ameshapata. Kwa anayeendelea kungoja inasikika kama kumwambia anyamaze. KILA LA HERI ni fupi na haikosei popote, na kwa hiyo ndiyo ya mwisho kuichagua, pale tu ulipokosa ya kumhusu mtu mwenyewe.

Kwa Idi, IDI NJEMA au IDI MUBARAK. Kwa msiba, POLENI SANA kwa wingi, kwa kuwa msiba si wa mtu mmoja. Methali za kufariji, zile za kila nafsi na siku yake, waachie wazee kwenye matanga. Kwenye kadi husomeka kama somo.

Paka gundi ya stiki hadi kwenye kingo kabisa za kibandiko, kilaze, funika kwa karatasi safi na usugue kwa mgongo wa kijiko. Gundi ya maji hapa itakifanya kibandiko kiumuke viputo, kwa kuwa karatasi nyembamba ikilowa hutanuka na haina pa kwenda.

Sasa kunja. Fuata mfuo kwa vidole, kingo zikutane, kisha pitisha mgongo wa kijiko mara moja kutoka katikati kwenda kila upande. Weka karatasi kati ya kijiko na kadi, kwani rangi nyeusi iliyosuguliwa moja kwa moja hung'aa mstari.

Ndani

Manila ya rangi haiandikiki vizuri, basi weka karatasi nyeupe ndani. Kata milimita 144 kwa 206, ikunje nusu, na uibandike kwa ukanda wa gundi wa sentimita moja tu, karibu na mkunjo, upande wa mgongo wa kadi. Ukiibandika yote, siku ya unyevu manila na karatasi hutanuka kwa viwango tofauti na kadi inapinda.

Kwa mtu mzima aliyekuzidi, neno la kwanza ndani ni Shikamoo, hata kama kadi ni ya kuzaliwa. Halafu jambo lenyewe kwa sentensi mbili tatu zinazomhusu yeye. Nje umeshaandika maneno ya wote. Katika kadi ya pole, taja jina la marehemu. Kwa Waislamu Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun inatosha kabla ya maneno yako, na kwa Wakatoliki Raha ya milele umpe ee Bwana.

Anayependa beti aandike mistari miwili ya mizani kumi na sita, nane kwa nane, vina viwili. Inaenea vizuri kwenye ukurasa wa ndani:

Hongera ewe mwenzangu, mwaka mwingine kufika,
Akulinde Mola wangu, na mingine kuivuka.

Kadi ya mtoto wakati wa sikukuu haikamiliki bila mkono wa Idi. Kata ukanda wa manila wa upana wa milimita 30, ubandike ndani kwa kuupaka gundi chini na ncha mbili tu, juu uachwe wazi, na noti iliyokunjwa inakaa humo bila kudondoka. Pima kwa noti yenyewe kabla ya kubandika.

Ukibakiwa na dakika ishirini tu

Omba vipande kwa fundi cherehani. Kitenge au kanga yenye maua madogo ndiyo inayofaa, kwa sababu ua kubwa kwenye kipande kidogo halisomeki. Kipige pasi. Changanya gundi nyeupe sehemu tatu na maji sehemu moja, ipake kwa brashi kwenye karatasi ya gramu 80 (si kwenye kitambaa), laza kitambaa juu yake na usugue kutoka katikati kwenda nje. Kikandamize chini ya kitabu. Kwa kawaida kingekaa saa moja; mwenye haraka akipitishie pasi ya moto mdogo juu ya karatasi kavu. Kikishakauka, kata kitambaa na karatasi kwa pamoja, milimita 118 kwa 75, ukifuata uzi. Hakitachanika nyuzi pembeni, kwa kuwa karatasi imezishika. Kibandike kwenye mji kwa gundi ya stiki, weka jina, kadi imekwisha bila muhuri hata mmoja. Gundi ikitokeza madoa juu ya kitambaa, maji yalizidi.

Bahasha

C6 ikikosekana, A4 moja nyembamba hutoa bahasha. Ilaze wima. Kutoka chini pima milimita 111, kisha 111 nyingine. Zinabaki 75 za kifuniko. Kutoka kila ubavu pima 27. Katika kona zote nne, kata na uondoe mistatili ya upana wa 27: ile ya chini ina urefu wa 111, ya juu 75. Umebakiwa na umbo la msalaba. Kunja mbawa mbili za katikati ndani, punguza milimita moja kila upande wa kipande cha chini ili kisitokeze, kipandishe juu ya mbawa na ugundishe. Upana wa ndani ni milimita 156, kwa kadi ya 148. Usipunguze nafasi hiyo: kadi yenye kitambaa na karatasi ya ndani ina unene, na bahasha inayobana hupasuka pembeni pale pale mpokeaji anapoichomoa.

Mgongoni kwa kadi, chini katikati, weka alama yako kwa herufi ndogo. Wafanyabiashara wa kanga hufanya hivyo, na kanga za K.H.E. (Kaderdina Hajee Essak) za Mombasa zilijulikana kwa maandishi yao ya “Mali ya Abdulla”. Iandike kwa penseli kwanza, na kabla ya kupitisha wino ikunje kadi uone haijasimama kichwa chini.